Ajida Aliyetufundisha Kulala Chini

Ajida alikuwa na dharau moja ambayo hakuificha: aliwadharau watu wanaopiga risasi wakiwa wamesimama vizuri. Akimwona mlinzi mgeni amepanga miguu, ametoa kifua, mikono miwili imenyooka mbele kama mtu anayepigwa picha ya harusi, alimzunguka polepole kisha akamsukuma begani kwa kidole kimoja. Yule mlinzi akiyumba, Ajida anamuuliza, "Sasa?" Akijipanga upya, anasukumwa tena. "Sasa?" Mpaka mtu anakasirika, ao anaanza kucheka, na hapo ndipo somo linaanza.

"Mwenye kukutafuta hatakungoja umalize kupanga miguu," alikuwa anasema. "Mwili wako itaanguka namna inataka. Miye nafundisha mukono tu, ili ibakie na akili wakati mwili imeshapotea."

Jina lake nalijua, lakini sitaliandika, na hata wakati ule hakuna aliyelitumia. Ajida ndicho cheo alichotoka nacho jeshini, na kilimganda. Hata mama muuza ndizi pale kambini alimwita hivyo, na mkewe pia.

Mimi ni muuguzi, mwanamke wa Nyamitaba, kule Masisi kwenye maharage na ng'ombe. Nilishuka Walikale kufanya kazi na walinzi wa msitu wa jamii. Walikuwa wanatembea porini wakiondoa mitego ya waya, na kuwatoa watu waliokuwa wanachimba madini kwenye mito ya ndani kabisa ya msitu. Mimi nilibeba mfuko wa dawa na redio. Bunduki ndefu ingekuwa mzigo wa tatu, na kamba za msitu zingeishika kila hatua, kwa hiyo mimi na wenzangu wachache wenye mizigo maalum tulipewa pistole. Ajida aliletwa kutufundisha kuzitumia. Watu wote pale waliniita Muganga, naye akaniita hivyohivyo, ila yeye alilitamka kwa sauti ya mtu anayekushuku.

Uwanja wetu wa mazoezi ulikuwa machimbo ya zamani ya mawe, nyuma ya kambi, yaliyoota nyasi. Chini kulikuwa na matope mwaka mzima. Ajida aliyapenda yale matope. Siku ya kwanza alituambia tulale chali. Nilikuwa nimevaa shati safi, nikamuuliza kama hatuwezi kuanza na kusimama, halafu tushuke kidogo kidogo.

"Muganga, wagonjwa wako wanakuja kwako wamesimama?"

"Wengine wanakuja wamelala."

"Basi lala."

Nililala. Maji baridi yakapanda shingoni. Akatembea katikati yetu akitugusa kwa fimbo. Miguu mbali, nyayo chini, magoti juu na yaachane. "Magoti ni yako," alisema. "Ukiyafunga, utayapiga mwenyewe." Mikono ipite katikati ya mapaja, na mapaja yaikamate kama mlango unavyokamata ubao. Kichwa kiinuke kidogo tu, maana shingo ikichoka macho yanadanganya. Na macho yasimtafute mtu, yatafute gido. Gido ni kile kijino cha mbele juu ya mtutu. Kwa Ajida, gido lilikuwa karibu na dini. Anayeliona wazi, na vitu vingine vyote vikawa na ukungu kidogo, huyo alikuwa ameokoka. Anayeona shabaha wazi na gido limefifia, huyo alikuwa bado.

Masasi, yaani risasi, hatukuwa nayo mengi, kwa hiyo sehemu kubwa ya mafunzo tulifanya na pistole tupu na punje ya haragi, haragwe moja kavu. Alitoa haragi mfukoni, akaliweka juu ya chuma, nyuma tu ya gido, kisha tukavuta gashete, kile kifyatulio cha kidole. Haragi likianguka, umevuta na mkono mzima. Likibaki, umevuta na kidole peke yake. Tulifanya hivyo tukiwa tumepiga goti, tumekaa, tumelala kifudifudi, tumelala ubavu nyuma ya gogo, mkono wa kuume, kisha wa kushoto. Nilifika mahali pa kuota maharage. Mwenzetu mmoja, jitu kubwa lililozoea kubeba mizigo kule Rubaya kabla ya kuja msituni, alikuwa na mikono yenye nguvu kuliko yetu sote, na haragi lake lilianguka wiki nzima. Aliapa kwamba pistole yake ilikuwa na kasoro. Ajida akaichukua, akalala ubavu ndani ya dimbwi, akaweka haragi, akavuta. Halikutikisika. Akairudisha mkononi mwake. Yule jamaa akaenda kukaa peke yake juu ya jiwe, na alasiri nzima tulisikia tu mlio mdogo wa gashete, tena na tena.

Sikatai kwamba alikuwa mtu wa kuchosha. Alikuwa anarudia kitu kimoja mpaka unatamani kumrushia kiatu. Kupiga goti peke yake kulituchukua siku nyingi, kwa sababu ya kiwiko. Kiwiko kikikaa juu ya mfupa wa goti, mfupa juu ya mfupa, vinateleza na risasi inakwenda inakotaka. Kiwiko kipite mbele kidogo, nyama ya juu ya mkono ikae kwenye goti. Alitupigia kelele kwa kitu hicho kidogo kama vile tumeiba. Tukinyamaza, anasema, "Munafikiri naongea juu ya kiwiko," halafu hasemi alikuwa anaongea juu ya nini.

Kulikuwa na papa mmoja, yaani mzee, mwindaji, mwenyeji wa kijiji cha jirani, ambaye alipita machimboni akatukuta tumepiga magoti. Alitutazama kwa muda mrefu, akacheka. Alisema hivyo tunavyokaa, mnyama angetuona tukichoka. Akachuchumaa, matako karibu na visigino, nyayo zote chini, mgongo umelegea, viwiko vimepita mbele ya magoti. Akatuambia anaweza kukaa vile kuanzia umande mpaka jua liukaushe. Mtu mwingine angekasirika kurekebishwa mbele ya wanafunzi wake. Ajida alimwomba amfundishe. Alikuwa na goti bovu la kuume ambalo halikumruhusu kufika chini, akajaribu akianguka nyuma, akajaribu tena, na yule papa akamshika mabega. Tangu siku ile, mkao ule uliingia kwenye mafunzo yetu, na kila alipoutaja alisema, "huu ni wa papa, si wangu."

Lakini kuhusu lile goti hakusaidiwa na mtu mwingine yeyote. Akishuka nalo ili atuonyeshe kitu, kuinuka kulikuwa kazi. Liligoma, likafunga. Alikaa pale akiendelea kuongea kama kwamba amependa kukaa, mpaka lifunguke. Mimi kama muuguzi nilijua maumivu yake, nikamwambia mara moja nina dawa ya kupaka. Akaniambia nimpe mtu mwenye kuumwa.

Kuna mambo yake mengine ambayo sikuweza kuyapanga pamoja. Alikuwa mwalimu wa silaha, lakini hakukubali tuchore mtu kwenye shabaha. Shabaha zetu zilikuwa gunia lenye duara la mkaa. Mlinzi mmoja aliongeza kichwa na mikono kwenye duara kwa mzaha, na Ajida alilichana lile gunia kwa mikono, akamfukuza yule mlinzi uwanjani mpaka siku iliyofuata. Alikaa kwa wawindaji na hakula nyama ya porini hata kipande. Jumapili aliimba kanisani, sauti nyembamba ya juu isiyofanana kabisa na mwili wake, na waimbaji walimwogopa kuliko sisi kwa sababu hakuvumilia wachelewe. Pistole yake mwenyewe hakuingia nayo nyumbani. Aliiacha kwa mlinzi wa ghala kila jioni, akaandamana na mkewe mikono mitupu.

Nilitaka kujua, na siku moja nikamuuliza. Mvua ilikuwa imetukuta machimboni, wengine wamekimbia kambini, mimi na yeye tukajibanza chini ya turubai. Goti lake lilikuwa limefunga, nadhani ndiyo sababu hakuondoka. Nilimuuliza kwa nini anatutesa na kulala chini wakati maskari wengi wanafundishwa kusimama, basi.

Alilitazama goti lake.

"Nilikuwa kijana," akasema. "Huko kwenu, Masisi. Tuliingia mu nyumba fulani, tukapigwa. Nilianguka chali. Sikuwa nimeshaanguka na silaha hata siku moja, mazoezi yetu yote ilikuwa ya kusimama. Nikaona kila kitu iko juu yangu. Nikavuta gashete mpaka masasi ikaisha."

"Ukawapata?"

"Nilipata rafiki yangu. Alikuwa ananyoosha mukono aniinue."

Maji yalikuwa yanatiririka kutoka kwenye turubai mbele yetu. Akaanza kujisugua goti.

"Muntu mwenye hajui kupiga akiwa chini, anapiga tu ili kelele imufunike," alisema. "Mwenye kujua, anapata nafasi ndogo. Kadogo sana. Lakini ndani ya ile kanafasi anaweza kuchagua. Miye sikuchagua kitu siku ile. Njo maana nawatesa."

Hakulirudia jambo lile, na mimi sikulisema kwa mtu.

Msimu wa mvua kali ulipopungua tulitoka doria kufuata habari za watu waliokuwa wameweka kambi kwenye mto wa ndani. Ajida hakupaswa kuja. Alisema anataka kuona kama wanafunzi wake wanatembea jinsi wanavyolala. Tulikuwa watu sita, kiongozi wa doria mbele na wenzake watatu wenye bunduki, halafu Ajida, halafu mimi nyuma na mfuko na redio. Mlima ulikuwa unashuka kwa ghafla kwenye kijito, udongo mwekundu, majani yameoza, kila mtu anashika mizizi ili asiteleze. Wanne wa mbele walikuwa wameshavuka maji. Ajida alikuwa ukingoni. Mimi nilikuwa bado juu kwenye mteremko.

Risasi zilitoka upande wetu wa kijito, kushoto, ndani ya majani mapana. Wanne kule ng'ambo wakalala nyuma ya miamba na wasiweze kunyanyua kichwa. Mimi nilichukua hatua nyuma, mguu ukakosa ardhi, nikateremka kwa mgongo, miguu mbele, mpaka mzizi mnene ukanizuia. Mfuko wa dawa ulikuwa umebaki chini ya mabega yangu. Redio ilikuwa imekatika ikaenda zake. Niliposimama pale, yaani nilipolala pale, niliona magoti yangu mwenyewe, na katikati ya magoti, chini yangu kidogo, nilimwona Ajida.

Alikuwa amepiga goti ukingoni mwa maji. Alikuwa ameshuka ili ajikinge, na goti lilikuwa limefunga. Pistole yake ilikuwa imemtoka, niliiona ikimetameta ndani ya maji ya kijito, karibu, lakini si karibu ya kutosha. Na kutoka kwenye majani akaja kijana mwenye koti la mvua la bluu, bunduki imeelekezwa kwa Ajida.

"Simama," yule kijana alisema.

"Siwezi, mutoto wangu. Goti imekataa."

"Simama nimesema. Redio iko wapi?"

"Haiko na miye. Niangalie. Goti imekataa."

Sauti ya Ajida ilikuwa ileile ya machimboni, ya mtu anayezungumzia kiwiko. Sauti ya kijana ilikuwa inapanda. Alikuwa anapepesa macho ng'ambo, kisha kwa Ajida, kisha ng'ambo. Nilimjua mtu wa namna ile, nimewaona wengi kwenye vitanda vya zahanati wakisubiri sindano: hajui atafanya nini, na kutojua kwenyewe ndiko kunamsukuma. Hakuwa ameniona. Nilikuwa juu yake kidogo, nimefunikwa na udongo, na majani yalikuwa mengi.

Sikumbuki kuitoa pistole. Nakumbuka mapaja yangu yakiikamata mikono. Nilikuwa natetemeka mwili mzima, meno yanagongana, na katika kule kutetemeka nikalitafuta gido, nikaliona. Nyuma yake koti la bluu likawa na ukungu. Halafu nikaona tatizo. Kichwa na mabega ya Ajida vilikuwa vimeziba kifua cha yule kijana aliyekuwa ameinama mbele yake. Kilichobaki wazi kilikuwa upande wa nyonga na paja. Nikilenga juu kidogo, nitampiga Ajida shingoni. Niliwaza nisubiri asogee. Kijana akanyanyua bunduki begani.

Ajida akainamisha kichwa. Mpaka leo sijui kama aliniona, ao alikuwa anasali.

Nilivuta. Pistole ilipiga mara moja. Kijana akakaa chini kana kwamba mtu amemkata miguu, bunduki yake ikalia hewani, na Ajida, na goti lake lile, akajirusha juu ya ile bunduki na mwili wote. Kule kwenye majani tukasikia watu wakikimbia, wakienda mbali. Wenzetu wa ng'ambo walipiga kidogo kuwafuata kisha wakanyamaza. Mimi nilikuwa bado nimelala, gido mbele ya macho, nikimlenga mtu ambaye alikuwa anabingirika akilia.

"Muganga."

Kidole changu kilibaki kwenye gashete.

"Muganga. Pistole ndani ya kifuko. Sasa kamata dawa."

Nilishuka kwa matako. Paja lilikuwa linatoa damu ya kutisha. Nilimfunga mkanda juu ya jeraha, nikakaza na kijiti, nikamkandamiza na goti langu, na muda wote kijana alikuwa ananishika mkono, akiita mamake. Kwa karibu alikuwa mdogo wa umri kuliko nilivyodhani, ndevu zilikuwa hazijakamilika. Ajida alikaa pembeni, ameshika bunduki ya yule kijana na pistole yake aliyoiokota majini, uso umekuwa majivu.

Wenzetu waliporudi, kiongozi wa doria alisema tumwache pale. Hakuwa mtu mbaya. Alisema watu wake watarudi kumchukua, watatukuta njiani tumebeba mzigo, tutakufa sote. Wengine walikubaliana naye, na kusema kweli hoja yake ilikuwa nzuri.

"Atakauka damu kabla hawajarudi," nilisema.

"Muganga, huyu alitaka kumuua Ajida."

Wote wakamtazama Ajida.

"Alikuwa adui pale amesimama," Ajida alisema. "Sasa iko mugonjwa. Mugonjwa ni wa Muganga. Mumuulize yeye."

Nikasema tunambeba. Tukakata miti miwili, tukafunga turubai, tukambeba. Njia ilikuwa ndefu na kila mti ulikuwa na mtu nyuma yake, ao tuliona hivyo. Nilitembea pembeni ya machela nimeshika ule mkanda, nikiuangalia kama unalegea, na nilisikia nyuma yangu Ajida akichechemea, akipumua kwa nguvu, akikataa kupewa fimbo. Mahali fulani kijana alifungua macho.

"Ni nani alinipiga?"

"Ni miye," nikamwambia.

Alinitazama, kisha akatazama mkono wangu juu ya mkanda wake. Akafunga macho tena. Hakuuondoa mkono wangu.

Kwenye kituo cha afya cha kijiji cha kwanza cha barabarani tulimkabidhi kwa wauguzi. Waliniambia mguu utaweza kupona, ao utaoza, wataona. Kabla hatujaondoka nilimkuta Ajida nyuma ya jengo, penye pipa la maji ya mvua, ananawa mikono. Ilikuwa safi, akaendelea kunawa.

"Uliona gido?" akaniuliza bila kugeuka.

"Niliiona."

"Njo vile."

Sikupata sifa nyingine yoyote kwake. Kesho yake machimboni alinisukuma begani kwa kidole, kama kawaida, akaniuliza, "Sasa?"

Baada ya hapo mambo ya nchi yaliharibika kwa namna ambayo kila mtu wa kwetu anaijua na sina haja ya kuieleza. Barabara zikabadilisha wenyewe. Kikundi chetu kilivunjika, silaha zikarudishwa ghalani na ghala likaporwa. Kuwa umewahi kubeba pistole msituni ikawa kitu cha kunyamazia, maana ilitegemea ni nani anauliza. Nilirudi Nyamitaba, kisha nikapata kazi mjini. Ajida nilisikia amekufa. Baadaye nikasikia hajafa.

Nilimwona tena, huko Mushaki. Nilikuwa natoka kumwona mama yangu, gari letu limesimama barabarani kwa sababu ya kizuizi, na abiria wakateremka kununua fromage, jibini la kule. Wauzaji walikuwa wamejipanga na zile fromage zao za duara juu ya majani ya migomba. Wa mwisho alikuwa mzee aliyekaa juu ya kigoda, kofia ya sufu imeshuka mpaka kwenye nyusi. Nilimjua kwa jinsi alivyokaa. Nikaenda mbele yake, mdomo umeshafunguka.

"Mama, karibu fromage," alisema, na macho yake yakanifunga mdomo. "Hii ya leo. Hii ya jana."

Nyuma yake, penye kivuli cha ukuta, alikuwa amesimama mtu mwenye bunduki, anakula hindi la kuchoma. Nikashika fromage moja, nikaigeuzageuza.

"Munajuana?" yule mwenye bunduki aliuliza.

Nadhani nilichelewa kidogo kujibu. Ajida hakuchelewa.

"Huyu mama ni veterineri," alisema. "Alipitaka huku zamani, anatibia ngombe za watu. Miye ananisahau, lakini namukumbuka."

Yule mtu akaacha kutafuna. Akanitazama viatu, mkoba, uso. Mimi sijawahi kutibu hata mbuzi.

"Kama uko veterineri, kuya uangalie yetu," akasema. "Iko moja inagonjwa muguu. Mukubwa ataniua juu yake."

Gari lilikuwa bado limezuiwa. Hakuna njia ya kukataa. Tulipita nyuma ya nyumba, yeye nyuma yetu, mpaka kwenye uzio wa miti ambamo alisimama ng'ombe mweusi mwenye pembe ndefu, mguu wa mbele umeinuliwa. Ajida alikuwa ndiye mchungaji wao, nikaelewa, na fromage zilikuwa zao pia. Alimshika ng'ombe pembe, akaanza kumwimbia taratibu kwa ile sauti nyembamba ya kanisani. Nikachuchumaa, nikashika kwato. Nikajiambia kwamba mguu ni mguu, na usaha ni usaha. Katikati ya kwato kulikuwa na kipande cha jiwe kimezama, na pamevimba. Niliomba kisu na maji ya moto yenye chumvi. Yule mtu akaita mwenzake upande wa pili wa nyumba, kisha akachukua hatua chache kwenda kuyapokea.

Ajida hakuacha kuimba. Alibadilisha tu maneno.

"Yule kijana iko muzima," aliimba, ng'ombe akipepesa masikio. "Nilimutafuta. Iko Rubaya, anabeba mizigo. Anachechemea. Aliacha bunduki. Iko na mutoto mwanamuke."

Nilikuwa nimeinama juu ya kwato, na nilibaki nimeinama.

"Aliniuliza juu yako," aliendelea. "Nikamwambia hata miye sijui uko wapi. Sasa usilie, huyu anarudi."

Maji yakaja. Nikapasua, nikatoa jiwe, usaha ukatoka, nikaosha, nikafunga kwa kitambaa. Ng'ombe akaweka mguu chini, akaurudisha juu, akauweka tena, safari hii akausimamia. Mwenye bunduki akapumua kama aliyetibiwa yeye. Akasema nirudi wiki inayokuja nimwangalie tena.

"Atarudi," Ajida alijibu kwa niaba yangu. Alikuwa amempa yule mtu mgongo, na akanitikisia kichwa, kidogo sana, kunikataza.

Nilirudi kwenye gari na fromage mbili ambazo yule mtu alinilazimisha kuchukua. Hatukuagana. Nilipotazama nyuma, Ajida alikuwa bado ameshika zile pembe kwa mikono yote miwili, paji la uso wake limegusa la ng'ombe.

Sijapita Mushaki tena. Lakini mjini wanafika akina mama wanaouza fromage za upande ule, na mmoja tumezoeana. Siwezi kumuuliza habari za mzee, maana maneno husafiri. Ninamuuliza kuhusu yule ng'ombe mweusi mwenye pembe ndefu, kama bado anaendelea vizuri. Mara ya mwisho alinijibu akifunga mzigo wake, bila kunitazama.

"Anakula vizuri, dada," alisema. "Yeye na mwenye kumuchunga."